"Sorry" kwa Wachina: pole au samahani?

Mwezi Aprili mwaka 2001 Wamarekani 24 walizuiliwa kwa siku 11 katika kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, huku wanadiplomasia wa nchi hizo mbili wakivutana juu ya neno moja la Kiingereza. Halikuwa neno la kisheria wala la kitaalamu. Lilikuwa neno ambalo mtoto wa Kiingereza hulijua kabla hajaanza shule: "sorry".

Kwa Mchina anayejifunza Kiingereza, neno hilo ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa. Mwaka huo huo wa 2001, Wizara ya Elimu ya China iliagiza kwamba Kiingereza kianze kufundishwa tangu darasa la tatu la shule ya msingi, na tangu hapo watoto wengi wamelipokea neno "sorry" likiwa limewekwa sambamba na neno la Kichina "duibuqi", kana kwamba ni sarafu mbili za thamani moja.

Ulinganisho huo si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayomtatiza mwanafunzi hospitalini, kazini na msibani, na wakati mwingine ndiyo inayozitatiza serikali.

Asili ya neno

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Waingereza wa leo wanalo bado neno hilo kwa umbo la "sore", wanapotaja koo linalouma au mguu uliochubuka. Wengi hudhani kwamba "sorry" limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. Sivyo. "Sorrow" lina mzizi wake mwingine, "sorg". Maneno hayo mawili yamekaribiana kwa sauti na kwa maana baada ya kuishi pamoja karne nyingi, kama majirani wanaofanana bila kuwa ndugu wa damu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba maana ya awali ya "sorry" ni maumivu. Kosa halimo. Asemaye "I am sorry" anasema kwanza kwamba kuna kitu kinamuuma. Ni kipi hicho, na nani amekisababisha, neno lenyewe halisemi.

Maana zake

Maana ya kwanza ni kushiriki maumivu ya mwingine. Mtu akipewa habari za msiba au ugonjwa, husema "I'm sorry to hear that". Hapa hakuna kosa lolote linalokiriwa. Hii ndiyo "pole" yetu.

Maana ya pili ni kuomba radhi. Mtu amemkanyaga mwenzake au amechelewa miadi, naye husema "I'm sorry". Hii ndiyo "samahani".

Maana ya tatu ni majuto. Mzazi anayemwonya mtoto kwa kusema "you'll be sorry" hamwahidi mtoto huruma wala msamaha; anamwambia kwamba atajuta. Waingereza wana msemo usemao "better safe than sorry", ambao Mswahili angeuelewa mara moja kwa kukumbuka kwamba tahadhari huja kabla ya hatari, na kwamba majuto ni mjukuu.

Maana ya nne ni kukataa kwa adabu au kutanguliza habari isiyopendeza. Karani wa benki husema "sorry, we're closed", na mwajiri huanza barua yake kwa kusema anasikitika kumwarifu mwombaji kwamba hakupata kazi. Mwanafunzi akisikia "I'm sorry, but", ajue kwamba jibu la hapana liko njiani.

Maana ya tano inahusu mazungumzo yenyewe. "Sorry?" likisemwa kwa sauti ya kupanda ni ombi la kurudiwa, sawa na kusema "unasemaje?" Na msemaji aliyekosea tarehe hujisahihisha kwa neno hilo hilo: "on Monday, sorry, Tuesday".

Maana ya sita hutokea pale neno linapotangulia jina. "A sorry sight" ni jambo la kusikitisha kulitazama. "A sorry excuse" ni kisingizio dhaifu. Katika nafasi hiyo neno halielezi hisia za msemaji bali unyonge wa kitu kinachotajwa.

Kichina hugawanya

Ugumu wa Mchina hautokani na uhaba wa maneno katika lugha yake. Unatokana na wingi wake. Lile ambalo Kiingereza hulitia katika kapu moja, Kichina hulitia katika makapu matano au sita, na kila kapu lina kifuniko chake.

"Duibuqi", likifasiriwa neno kwa neno, ni kushindwa kumkabili mtu uso kwa uso. Ni neno linalobeba deni. Mtu aliyewaangusha wazazi wake kwa mwenendo mbaya husemwa kwamba "duibuqi" wazazi wake, yaani amekosa uso wa kuwatazama. Kwa makosa madogo ya kila siku, kama kumsukuma mtu ndani ya basi, watu wengi hutumia "bu hao yisi", maneno yanayoelekea maana ya kuona haya.

"Baoqian" ni la heshima zaidi, na hutumika sana katika matangazo na barua. "Daoqian" ni kitendo kamili cha kuomba radhi, pale ambapo mkosaji anasimama na kulitamka kosa lake. Silabi "qian" iliyomo katika maneno yote mawili ina maana ya upungufu. Herufi hiyo hiyo huandikwa pia inapotajwa mavuno haba. Anayeomba radhi kwa Kichina anakiri kwamba amepunguza kitu katika haki ya mwenzake.

Kwa upande wa huzuni kuna "nanguo", hali ya moyo kuwa mzito, na kuna "yihan", masikitiko yasiyomtaja mkosaji, yanayofaa hata kwa mtu aliyeikosa safari aliyoitamani. Msibani Wachina husema "jie'ai", maneno ya kumsihi mfiwa aizuie huzuni yake isimzidi. Hakuna anayemwambia mfiwa "duibuqi", isipokuwa kama alihusika na kifo chenyewe.

Kwa msomaji wa Kiswahili mgawanyo huu haushangazi, kwani nasi tunao wa kwetu. Tuna pole na rambirambi upande mmoja. Tuna samahani, kuwia radhi na kuomba msamaha upande wa pili. Katika jambo hili Mswahili na Mchina wako karibu zaidi kuliko Mchina na Mwingereza.

Kipimo ni jibu

Kosa linaloumiza zaidi halitokei wakati Mchina anaposema "sorry". Hutokea anapoambiwa.

Katika masomo ya mwanzo, "duibuqi" hufundishwa pamoja na jibu lake, "mei guanxi", yaani si kitu, hakuna neno. Mwanafunzi hulitafsiri jibu hilo kwa Kiingereza kuwa "it doesn't matter" au "never mind". Likijibiwa hivyo kwa mtu aliyemkanyaga mguu, halina ubaya.

Sasa chukua mfano wa mwanafunzi wa Kichina aliyeko Uingereza, ambaye amepata habari kwamba bibi yake amefariki dunia. Mwalimu wake anamwambia "I'm so sorry". Mwanafunzi, kwa adabu zote alizofundishwa, anajibu "it doesn't matter". Mwalimu anaduwaa. Amesikia mtu akisema kwamba kifo cha bibi yake hakina maana.

Jibu lililofaa lilikuwa "thank you". Kiswahili kinalifahamu jambo hili vizuri sana. Pole hujibiwa kwa asante, au kwa nimeshapoa. Samahani hujibiwa kwa bila samahani, au hakuna neno. Hakuna Mswahili anayechanganya majibu hayo, hata mtoto. Mwalimu wa Kiingereza anayetaka kumsaidia mwanafunzi wake wa Kichina angefanya vyema kuanza na majibu kabla ya orodha ya maana: "sorry" ya huzuni hushukuriwa, "sorry" ya kosa husamehewa.

Sarufi yake

"Sorry" ni kivumishi. Si kitenzi, wala si jina. Katika Kichina, kivumishi huweza kusimama peke yake kama kiarifa bila msaada wa kitenzi kinacholingana na "ni" yetu. Ndiyo maana wanaoanza huandika "I very sorry", wakiacha "am". Kosa hilo ni la lugha mama ikisikika ndani ya lugha ya pili, wala halipaswi kuchekwa.

Vihusishi ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. "Sorry about" na "sorry for" hutaja jambo lililotokea: "sorry about the noise", samahani kwa kelele. "Sorry to" hufuatwa na kitenzi, na mara nyingi hutaja linalotendeka sasa hivi: "sorry to trouble you" husemwa na anayebisha hodi, lakini "sorry for troubling you" husemwa na anayeaga baada ya kusumbua.

Hatari iko katika "sorry for" inapofuatwa na mtu. Kichina humtanguliza anayeombwa radhi kwa vihusishi "dui" au "xiang". Mwanafunzi akitafuta njia ya kusema "nakuomba radhi wewe", huweza kuangukia "I'm sorry for you" au "I feel sorry for you". Maana yake ni "nakuonea huruma", na kwa sauti isiyofaa huwa ni dharau. Badala ya kutuliza ugomvi, ameuchochea. Anayetaka kumtaja mtu atumie "I apologize to you". Na anayetaka kutumia "sorry" ataje jambo alilolitenda.

Lipo pia suala la "excuse me". Kwa kawaida hilo hutangulia usumbufu, kama vile unapoomba njia au unapomwita mhudumu, na "sorry" hufuata baada ya usumbufu kutokea. Wamarekani husema "excuse me" hata baada ya kumgusa mtu kwa bahati mbaya, lakini mwanafunzi akiishika kanuni hiyo ya kabla na baada hatapotea mbali.

Barua ya Hainan

Turejee sasa kwenye kisa cha 2001. Tarehe mosi Aprili, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 iligongana na ndege ya kivita ya China juu ya Bahari ya China Kusini. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea baharini na hakuonekana tena. Ndege ya Marekani, ikiwa imeharibika, ilitua Hainan bila idhini, na watu wake 24 wakawekwa chini ya ulinzi.

China ilidai "daoqian", yaani kuombwa radhi kamili. Marekani ilishikilia kwamba haikuwa na kosa la kuombea radhi. Katika siku za mwanzo maofisa wake walitumia neno "regret", ambalo kwa Kichina hulingana na "yihan". Kwa Beijing hilo lilikuwa jepesi mno: taifa limepoteza mwanajeshi, na linaambiwa maneno yanayomfaa pia mtu aliyekosa safari.

Njia ilipatikana tarehe 11 Aprili. Balozi wa Marekani mjini Beijing, Joseph Prueher, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Tang Jiaxuan, barua yenye maneno "very sorry" mara mbili. Mara ya kwanza yalielekezwa kwa watu wa China na familia ya Wang Wei kwa msiba uliowapata. Mara ya pili yalihusu ndege kuingia katika anga ya China na kutua bila idhini ya mdomo. Ya kwanza ni pole tupu. Ya pili inaelekea samahani, lakini hailitaji kosa.

Vyombo vya habari vya serikali ya China viliwaeleza wananchi kwamba Marekani imetumia maneno "shenbiao qianyi", yaani imeonyesha kwa dhati hisia za kuomba radhi. Ndani yake imo ile silabi "qian", ya upungufu na deni, ingawa si "daoqian" iliyodaiwa tangu mwanzo. Washington nayo iliwaeleza wananchi wake kwamba imesikitika tu, haikuomba radhi. Kila upande ulisoma barua moja ukaona ulichohitaji. Siku iliyofuata, tarehe 12 Aprili, watu wale 24 waliondoka Hainan.

Wapo waliosema kwamba huo ulikuwa ujanja wa lugha, na kwa hakika ulikuwa. Lakini ujanja huo usingewezekana kama wajumbe wangelazimika kuandika kwa Kichina au kwa Kiswahili, lugha zinazomtaka msemaji achague mapema kama anatoa pole au anaomba samahani. Upana wa neno "sorry", unaomsumbua mwanafunzi darasani, ndio uliowafungulia mlango watu 24.

"Regret" na "apologize"

Mwanafunzi aliyefika hatua ya juu anapaswa kuyaona maneno haya matatu kama ngazi. "Regret" ni la kirasmi na huweka umbali kati ya msemaji na tendo. "Sorry" ni la kibinadamu, lakini lina maana mbili. "Apologize" ni la wazi: anayelitumia amelipokea kosa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kuijua ngazi hiyo. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inasikitika kwa dhati kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Neno lililochaguliwa lilikuwa "regret", na katika tamko hilo hilo serikali iliendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Mfalme Charles naye, akiwa Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023, alitaja huzuni kubwa na majuto mazito, bila kuomba radhi. Siku iliyofuata, mjini Songea, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa ukatili wa wakoloni wa Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Aliyesikiliza hotuba hizo mbili kwa makini alijua kwamba hazikusema jambo moja.

"Sorry" ya Kiafrika

Ipo hali nyingine ambayo vitabu vya Kiingereza vinavyotumika China haviitaji, nayo inawagusa Wachina wanaofanya kazi kwetu. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, "sorry" limechukua kazi yote ya pole. Mtu akijikwaa barabarani Nairobi au Dar es Salaam, wapita njia humwambia "sorry", ingawa hawakumgusa. Mwingereza aliye mgeni hushangaa na kujibu: mbona si kosa lako?

Mchina huweza kwenda mbali zaidi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya China pamoja na maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Katika miradi ya namna hiyo Kiingereza ndicho daraja kati ya watu ambao kwa wengi wao si lugha ya mama. Tuseme chuma kimemwangukia fundi wa Kichina, na kibarua aliyesimama kando anamkimbilia akisema "sorry, sorry". Kibarua ametoa pole. Msimamizi aliyefundishwa kwamba "sorry" ni "duibuqi" amesikia mtu akikiri kosa. Kati ya maana hizo mbili panaweza kuingia ajira ya mtu.

Sheria na neno

Hofu kwamba "sorry" ni kukiri kosa imewafanya watu wengi wanyamaze pale walipopaswa kusema. Daktari aliyempoteza mgonjwa, au dereva aliyemgonga mtu, huonywa asilitamke neno hilo lisije likatumiwa dhidi yake mahakamani. Baadhi ya nchi zimetunga sheria kuondoa hofu hiyo. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

Sheria inayowahusu zaidi wasemaji wa Kichina ni ile ya Hong Kong, iliyoanza kutumika tarehe mosi Desemba 2017. Huko Kiingereza na Kichina vyote ni lugha rasmi za sheria, na neno "sorry" husikika kila siku hata katikati ya mazungumzo ya Kikantoni. Sheria hiyo inasema kwamba kuomba radhi ni pamoja na kuonyesha majuto, huruma au nia njema, na inataja kama mfano kauli ya mtu kwamba yuko "sorry". Katika mashauri yasiyo ya jinai, kauli ya namna hiyo haihesabiwi kuwa ni kukiri kosa. Watunga sheria hawakujaribu kuitenganisha pole na samahani ndani ya neno hilo. Walizikinga zote mbili, ili mtu aweze kusema kitu mbele ya aliyeumia.

Mchina anayejifunza Kiingereza, basi, hana haja ya kuliogopa neno hili wala kulitumia kila mahali. Ajiulize mambo matatu kila anapolisikia: nani ameumia, nani amesababisha, na jibu gani linangojwa. Kama msemaji hakusababisha, jibu ni shukrani. Kama alisababisha, jibu ni msamaha, au kuunyima. Na pale asemaye anapoliacha jambo hilo katika giza makusudi, kama ilivyotokea mwaka 2001, mwanafunzi ajue kwamba hajashindwa Kiingereza. Ameelewa vizuri kabisa.